Tusiviogope Vitabu vya Huzuni

Tarehe 1 Novemba 1870 mfuko wa barua ulifungwa hapa Unguja, ukaandikwa jina la Daktari Livingstone, Ujiji. Wapagazi wakaupokea, ukavuka bahari hadi Bagamoyo ukalala hapo siku nyingi, ukafika Unyanyembe ukakwama tena kwa sababu ya vita vya Mtemi Mirambo, na haukuuona ufuko wa Ziwa Tanganyika ila baada ya mwaka mzima, ulipobebwa katika msafara wa Stanley. Mwenye barua zake alikuwa amerudi Ujiji kutoka Manyema hali ni mgonjwa na amedhoofu, akaikuta mali aliyowekewa hapo imekwisha kuuzwa.

Kisa hicho twakijua sote kwa ajili ya maamkio ya Stanley chini ya mwembe, ambayo watalii hadi leo hupelekwa kuonyeshwa mahali pake. Lakini liko jambo moja ambalo halisimuliwi sana. Huko Manyema, mwaka 1871, Livingstone aliishiwa na karatasi na wino. Alikamua maji ya matunda ya mwitu akayafanya wino, akachukua gazeti la zamani la Kiingereza, akaandika juu ya maandishi yaliyokwisha pigwa chapa, akikatisha mistari. Katika gazeti hilo aliandika ushahidi wa mauaji aliyoyaona sokoni Nyangwe tarehe 15 Julai 1871. Wino ule ulififia kiasi kwamba wataalamu walilazimika kutumia taa na mitambo maalumu, zaidi ya miaka mia moja na thelathini baadaye, ili kuusoma. Na katika muda huohuo wa Manyema, kwa maneno yake mwenyewe, aliisoma Biblia nzima mara nne.

Hatumtaji mzee yule kwa kumtukuza. Njia iliyopeleka mfuko wake wa barua ndiyo njia iliyoleta watumwa na pembe kutoka Ujiji hadi pwani, na matajiri wa biashara ile walikuwa na majumba yao hapa visiwani petu. Wale waliofungwa minyororo hawakuandikiwa barua na mtu yeyote, wala hatuna gazeti walilochora huzuni zao. Twamtaja kwa kuwa ameacha ushahidi wa jambo moja: mtu aliyepungukiwa na chakula, dawa, viatu na matumaini, bado alitafuta kitu cha kusoma na mahali pa kuandika. Haikuwa anasa, maana anasa ndiyo humtoka mtu kwanza katika dhiki.

Leo twapenda kuuliza: Je, kitabu chaweza kumpa mtu sababu ya kuendelea kuishi? Na kama chaweza, ni kitabu cha namna gani, na kwa nini hakiwafikii wanaokihitaji? Twauliza kwa sababu Shirika la Afya Duniani limehesabu kwamba zaidi ya watu 700,000 hujiua kila mwaka ulimwenguni, na nchi yetu haikutengwa katika hesabu hiyo.

Sisi wa magazeti tuna lawama yetu katika jambo hili, na ni haki tuanze na lawama yetu. Habari ya mtu aliyejiua hutufikia katika mistari sita au saba. Huwa na jina, umri, kijiji, na mara nyingi, kwa aibu yetu, huwa na namna alivyofanya, ingawa Shirika hilohilo limetuonya kwa miongozo iliyoandikwa kwamba kueleza namna hiyo humfundisha mwingine. Kisha huja neno la mkuu wa polisi, na mwisho huja sentensi ambayo kila msomaji anaijua kwa moyo: chanzo cha tukio hilo hakijafahamika. Habari ikiisha hapo, ukurasa hufunguliwa mwingine, wenye bei ya karafuu au matokeo ya mpira.

Riwaya huanza pale gazeti lilipokomea. Mwandishi wa riwaya huichukua sentensi ile ya mwisho na kukataa kuiamini. Huuliza marehemu alilelewa na nani, aliahidiwa nini, nani alimcheka, ni mlango upi alioubisha usifunguliwe. Huenda akahitaji kurasa mia mbili ili kueleza jambo ambalo sisi tulilimaliza kwa sentensi moja.

Katika lugha yetu kazi hii ilifanywa waziwazi na mwana wa kisiwa, si cha bahari bali cha ziwa. Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, Ukerewe, na alifariki Januari 2020. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971. Msichana Rosa anapigwa na babaye mlevi, Zakaria, kwa sababu ya barua aliyoandikiwa na mvulana. Analelewa kwa fimbo na kufungiwa, kisha anaachiwa duniani pasipo kujua lolote la kumlinda, na mwisho wake ni kujiua. Mwaka 1974 ikafuata Kichwamaji, yenye kijana msomi, Kazimoto, anayeshindwa kupata mahali pa kusimama baina ya kijiji alichotoka na elimu aliyoipata, naye pia anakufa kwa mkono wake.

Vitabu hivyo vilipokelewaje? Rosa Mistika ilizuiwa kwa muda isisomwe shuleni. Nchi ilikuwa katika miaka ya Azimio la Arusha, na walikuwapo wahakiki na makada waliosema kwamba mwandishi huyu anapanda kukata tamaa mahali ambapo Taifa linapanda matumaini. Sisi tulio wa Chama hatuwezi kujitoa katika lawama hiyo kwa kusema kwamba ilikuwa zamani. Fikira ile bado ipo maofisini: kitabu kizuri ni kile kinachomalizika vizuri. Riwaya ile baadaye ilikubaliwa, ikasomwa na kufanyiwa mitihani katika shule za sekondari, na hatukusikia kwamba shule ziliangamia.

Baadhi ya ndugu zetu watajibu kwamba iko hatari ya kweli, na hawakukosea kabisa. Mwaka 1774 Mjerumani Goethe alichapisha hadithi ya kijana Werther aliyejiua kwa ajili ya mapenzi. Ikasemwa kwamba vijana wanamwiga, na mji wa Leipzig ukakipiga marufuku kitabu hicho. Hatupuuzi jambo hilo. Lakini yafaa itofautishwe baina ya maandishi yanayokipamba kifo na maandishi yanayoeleza jinsi mtu alivyofika huko. Kezilahabi hampambi Rosa. Anatufanya tumwonee uchungu, na zaidi ya hayo anatufanya tumkasirikie kila aliyekuwa na uwezo wa kumsaidia asimsaidie. Msichana anayekisoma kitabu hicho naye yumo katika nyumba kama ya Zakaria hufunguliwa jambo ambalo hakuna mtu amewahi kumwambia, nalo ni kwamba mateso yake yanajulikana, yana jina, na si kosa lake. Mtu anayedhani kwamba ni yeye peke yake duniani yu karibu sana na hatari. Akijua kwamba mwingine amekwisha kupita hapo na akapaandika, si peke yake tena.

Walio na shaka kwamba maneno ya kukata tamaa yanaweza kutajwa bila dhambi tutawakumbusha jambo tulilolisoma chuoni sote, tungali wadogo, pengine bila kulitia akilini. Katika Sura Maryam, uchungu wa kuzaa unamjia Bibi Maryam peke yake kwenye shina la mtende, naye anatamani lau angekufa kabla ya siku ile akasahaulika kabisa. Mwanamke aliyeteuliwa anasema hayo, na Kitabu kitukufu hakikuyaficha. Basi tutazame alijibiwaje. Hakukemewa, wala hakuambiwa kwamba imani yake ni haba. Sauti ilimwambia asihuzunike, ikamwonyesha kijito cha maji chini yake, ikamwamuru alitikise shina la mtende zimwangukie tende mbivu, ale, anywe, na jicho lake litulie. Maji na tende vilikuja kwanza, na hoja za watu zikajibiwa baadaye. Kujiua ni haramu, jambo hilo halina mjadala katika gazeti hili. Lakini tumekuwa hodari wa kuihubiri haramu yake na wavivu wa kuleta tende.

Turudi Kigoma, maana somo hili laonekana huko kwa uwazi kuliko mahali pengi.

Mwaka 1972 ilifanyika Operesheni Kigoma, na watu wa mkoa ule walihamishwa kutoka katika makazi yao ya asili wakapelekwa vijijini. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili wa Bara walikaa katika vikundi wakisikiliza redio na kusomewa vijitabu juu ya maji safi, mbu na vyoo. Kisha mwaka 1975 ikaja Chakula ni Uhai. Pamoja na elimu ya watu wazima, kazi hiyo ilikuwa kubwa, na hatutamwachia mtu aidharau. Inakadiriwa kuwa mwaka 1967 karibu watu saba katika kumi hawakujua kusoma, na kufikia mwaka 1986 wasiojua walikuwa hawafiki mmoja katika kumi. Nchi tajiri hazikuwahi kufanya hivyo kwa muda mfupi kama ule.

Lakini tulimfundisha mwananchi kusoma, kisha tukampa asome nini? Tulimpa kilimo bora cha pamba, ufugaji wa kuku, uchimbaji wa choo. Mvuvi wa dagaa aliyepoteza ndugu yake ziwani usiku wa dhoruba, mama aliyevunjiwa nyumba yake mlimani ili ahamie kijijini, wote walijua sasa kusoma, na hatukuwa na kijitabu hata kimoja cha kuwapa kwa ajili ya usiku. Tulihesabu vyoo kwa sababu vilihesabika. Huzuni haikuwa na safu yake katika fomu ya taarifa, basi ikachukuliwa kwamba haipo.

Mwezi Mei 2015, makumi ya maelfu ya watu waliokimbia vurugu za Burundi walijazana Kagunga, kijiji chembamba kilichobanwa baina ya mlima na ziwa. Kipindupindu kikaingia. Meli ya Liemba, ambayo yenyewe ilizamishwa na Wajerumani mwaka 1916 na kuopolewa mwaka 1924, ilikwenda na kurudi ikiwabeba watu mamia kwa mamia hadi Kigoma, na kutoka hapo wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Kambi hiyo ilikuwa imefunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliotoka upande wa pili wa ziwa, na wako waliozaliwa humo wakakulia humo. Mtu wa kambi hupewa unga, maharage, turubai na kadi. Ni haki vitangulie hivyo, kama maji na tende vilivyotangulia. Lakini kijana anayeamka kila siku mahali palepale pasipo kazi, pasipo shamba, pasipo tarehe ya kurudi, hana swali kubwa kuliko lile la Kazimoto, na turubai halilijibu.

Wakongo hao, wengi wao watu wa Fizi na Uvira, wanasema Kiswahili. Si Kiswahili chetu cha Mjini, na sisi wa visiwani tuna tabia mbaya ya kucheka Kiswahili cha wengine, lakini ni lugha ile iliyosafiri kwa miguu kutoka pwani mpaka Ujiji na kuvuka ziwa kwa mitumbwi. Riwaya iliyoandikwa Unguja inaweza kusomwa Nyarugusu bila mkalimani. Hilo ni jambo la ajabu, nasi tunaliona la kawaida. Wazee walikuwa wakijivuna kwamba zumari ikilia Unguja, hucheza walio katika Maziwa Makuu. Majivuno yale yalikuwa ya biashara na mabavu. Leo hatuna msafara wala bunduki, lakini tuna waandishi. Mohamed Suleiman Mohamed ameandika Nyota ya Rehema, juu ya binti aliyenyimwa penzi la babaye. Said Ahmed Mohamed ameandika Asali Chungu na Utengano. Adam Shafi, aliyepata kuwekwa kizuizini hapa petu, aliandika Haini juu ya kizuizini, na hicho ni kitabu ambacho ofisa wa serikali angekisoma polepole, taa ikiwa imewashwa. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyeondoka akiwa kijana, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya yake ya mwaka 1994 juu ya kijana Yusuf, aliyewekwa rehani kwa deni la babaye na kuchukuliwa katika msafara wa biashara kwenda bara, imefasiriwa na Ida Hadjivayanis na kutoka mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Kitabu hicho kinasimulia habari za watu waliotolewa kwao na wasiojua watarudi lini. Ni nani angekielewa kwa haraka zaidi, sisi tunaokinunua kwa fahari na kukipanga sebuleni, au kijana wa Nyarugusu?

Wala si lazima kila kitabu kiwe kizito. Muhammad Said Abdulla alimpa Bwana Msa kiko chake na mafumbo ya mauaji, na twamjua mzee mmoja aliyekuwa na maradhi marefu akasema kwamba hataki kufa kabla ya kujua nani muuaji. Alisema kwa mzaha, lakini Shahrazadi wa Alfu Lela Ulela hakuwa na silaha nyingine zaidi ya hiyo, hadithi isiyokwisha kabla ya alfajiri.

Yuko pia Shaaban Robert, ambaye hatuwezi kumwacha. Mkewe Amina alifariki, na mshairi alimlilia kwa shairi lenye jina lake, ambalo wasomaji wengi wa makamo wanalijua. Alibaki na watoto. Akakaa akamwandikia binti yake Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Watu huzisoma tenzi hizo kama orodha ya nasaha. Sisi twaona humo mjane wa kiume anayejitafutia kazi ya kesho. Mbele yake, mwaka 1858, Mwana Kupona wa Siyu alikuwa ameufanya utendi wake kwa binti yake naye yu mgonjwa, akijua kwamba siku zake zinahesabika. Hawa wawili hawakuandika kwa kuwa huzuni imekwisha. Waliandika ikiwa ingali nyumbani, imekaa kitako.

Isije ikadhaniwa kwamba twasema kitabu ni tiba ya kila jambo. Mtu anayesema kwamba amechoka kuishi asikilizwe, asiachwe peke yake, apelekwe kwa mganga wa hospitali mara moja. Kidongo Chekundu ipo, Mirembe ipo, na hospitali za mikoa zina wajibu huo. Si aibu kwenda, na ndugu wanaomficha mgonjwa kwa kuogopa maneno ya mtaa wanabeba dhima. Kitabu ni cha kabla ya hapo na cha baada ya hapo, na cha zile saa ndefu ambazo mganga hayupo.

Kwa viongozi tuna maneno mawili ya kuwaambia.

La kwanza ni la sheria. Kanuni ya Adhabu ya Bara, tuliyoirithi kwa Waingereza, inamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji wa jinai. Waingereza wenyewe waliifuta sheria ya namna hiyo kwao mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata Uhuru. Wao wakaiacha, sisi tukaihifadhi. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu kama hicho cha sheria yao kinapingana na Katiba. Mtu aliyeokolewa majini na wavuvi wa Kibirizi, kisha akakabidhiwa kituo cha polisi, ameambiwa nini na Taifa lake? Na jirani yake anayeona dalili kwa mwanawe atathubutu kusema? Twaomba Wabunge walitazame jambo hili bila kungoja mahakama iwatangulie.

La pili ni la vitabu, na gharama yake ni ndogo kuliko semina moja. Bodi ya Huduma za Maktaba ya Bara, Shirika la Maktaba la Zanzibar, BAKITA na BAKIZA wanaweza kukaa meza moja. Yatengenezwe makasha ya vitabu vya hadithi na mashairi, si vya mitihani, yapelekwe Ujiji, vijiji vya mwambao hadi Kagunga, zahanati, na kwa idhini ya wahusika yaingie kambini. Asiwekwe mtu wa kuyachambua na kutoa vile vinavyomalizika vibaya. Mwalimu au msimamizi wa zahanati apewe ufunguo wa kasha, si daftari la adhabu kwa aliyechelewesha kitabu. Mkataba wa reli mpya ya Tabora hadi Kigoma ulitiwa saini Desemba 2022, na sisi twaambiwa mengi juu ya shaba na mizigo ya Kongo itakayopita humo. Treni ya sasa nayo inakwenda, pole pole, na ina mahali pa makasha.

Hapa visiwani tusingoje waraka. Mwenye Kuli au Dunia Mti Mkavu aliyoisoma zamani na haisomi tena, aipeleke maktaba na aseme anataka iende Kigoma. Maktaba ikimwambia kwamba haina utaratibu wa jambo hilo, atuandikie sisi, nasi tutachapisha barua yake.